Mjadala: Sami Hyypiä alishindwa ukocha, au alikabidhiwa timu kabla hajaiva?

Wadau wa soka, salaam.

Juzi kijiweni tulibishana kuhusu wachezaji wakubwa wanaogeuka makocha. Jamaa mmoja akaufunga ubishi kwa jina moja tu: Sami Hyypiä. Kwa maelezo yake, yule beki wa Ufini ni ushahidi tosha kwamba kucheza ni fani moja na kufundisha ni fani nyingine, na aliyejaliwa ya kwanza asiiguse ya pili. Wengi wakakubali, mada ikahamia kwenye usajili. Mimi sikukubali, na mpaka leo jambo hili limenikaa rohoni. Nimelileta hapa kwa wenye kumbukumbu.

Msimamo wangu ni huu. Hyypiä hakukosa kichwa cha ukocha. Alipewa timu ya Ligi ya Mabingwa Ulaya wakati yeye mwenyewe bado anajifunza kazi, na kila alipoanguka alipokelewa na klabu nyingine yenye haraka kama ya kwanza. Nani wa kulaumiwa? Mimi nawalaumu kwanza waliomkabidhi.

Kwa vijana ambao hawakumuona, niwaeleze kidogo. Alizaliwa Porvoo mwaka 1973, akaanzia soka la ushindani MyPa na kubeba nayo Kombe la Ufini mara mbili, 1992 na 1995. Akaenda Willem II ya Uholanzi, klabu ya Tilburg ambayo si ya kutisha hata kidogo, na mwaka 1999 ikamaliza ya pili kwenye ligi. Liverpool walimpata kwa takriban pauni milioni 2.6. Na walimjuaje? Mpiga picha wa televisheni aliyekuwa akizunguka viwanja vya Ulaya alimfuata Peter Robinson, mtendaji mkuu wa klabu wakati ule, akamwambia kuna beki Uholanzi mumtazame. Bei ya kutupa, maana msimu wa 2000/01 peke yake ulileta makombe matatu: Kombe la Ligi, Kombe la FA na Kombe la UEFA. Aliondoka Liverpool 2009 akiwa amecheza mechi 464 na kufunga mabao 35.

Usiku wa Istanbul, Mei 25, 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Liverpool na Milan, nilikuwa kwenye kibanda umiza, benchi la mbao, watu tumebanana. Mpira ulianza saa nne kasorobo, saa zile zile za kule Istanbul. Milan walipofika tatu bila, nusu ya watu waliondoka. Nilibaki kwa sababu nilimwona Hyypiä akirudi uwanjani kipindi cha pili akitembea vile vile kama siku zote. Alicheza dakika zote 120. Bila bao lake dhidi ya Juventus kwenye robo fainali, ule mguu wa kushoto aliouunganisha mpira ukiwa hewani, safari ya Istanbul huenda isingekuwepo kabisa.

Ninalotaka mlishike ni hili: Hyypiä hakuwa na kasi. Washambuliaji wa Ligi Kuu ya Uingereza walikuwa na uwezo wa kumpita kwa mbio wakati wowote, lakini hawakumpita, kwa sababu alikuwa ameshafika mahali mpira unapokwenda kabla haujapigwa. Mtu anayeusoma mchezo hivyo ana kitu cha kufundisha. Na mwaka 2003 alipovuliwa kitambaa cha unahodha akapewa Steven Gerrard, aliendelea kucheza chini ya kijana yule yule kwa miaka karibu sita. Hilo nalo ni somo la chumba cha kubadilishia nguo ambalo leseni ya ukocha haifundishi.

Sasa tuje kwenye ukocha, ndipo penye ugomvi.

Alistaafu kucheza 2011 akiwa Bayer Leverkusen ya Ujerumani. Akaingia kwenye benchi la ufundi la timu ya taifa ya Ufini, chini ya Mixu Paatelainen. Hakumaliza hata mwaka. Aprili 2012 Leverkusen walimtimua Robin Dutt, wakamwita Hyypiä pamoja na Sascha Lewandowski, kocha wa vijana wa klabu. Kwenye karatasi Lewandowski ndiye aliyekuwa kocha mkuu, kwa sababu ndiye mwenye leseni. Hyypiä hakuwa nayo. Fikirini: timu inayopigania nafasi za Ulaya, na mmoja wa viongozi wake wa benchi hajamaliza masomo ya kazi yenyewe.

Na bado ikafanya kazi. Msimu wa 2012/13 Leverkusen walimaliza wa tatu, Stefan Kiessling akawa mfungaji bora wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mabao 25. Oktoba 28, 2012 walikwenda Munich kucheza na Bayern iliyokuwa imeshinda mechi zake 8 za kwanza. Leverkusen wakashinda 2-1. Bayern ile ilibeba makombe matatu msimu ule, na kwenye ligi nzima haikufungwa tena. Mechi moja tu, na benchi lililoifunga lilikuwa la Hyypiä na mwenzake.

Kiangazi cha 2013 Lewandowski akarudi kwa vijana, Hyypiä akaachiwa timu peke yake. André Schürrle akaenda Chelsea, Dani Carvajal akarudi Real Madrid, akaja Son Heung-min. Ligi iliposimama Desemba, Leverkusen walikuwa wa pili, nyuma ya Bayern ya Guardiola, na wamevuka makundi ya Ligi ya Mabingwa wakiziacha Shakhtar Donetsk na Real Sociedad. Sifichi mabaya: Manchester United waliwapiga 5-0 pale pale nyumbani kwao. Mwaka mpya ukaja na balaa. PSG ya Ufaransa wakawafunga 4-0 kwenye 16 bora, tena nyumbani, na kwenye ligi pointi zikapotea wiki baada ya wiki. Aprili 2014, baada ya kufungwa na Hamburg, akatupiwa virago.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika kwa maoni yangu. Mtu aliyepita njia ya mkato hadi juu, akaporomoka miezi mitatu, alihitaji kushuka: timu ya vijana, au usaidizi kwa kocha mzee aliyekula chumvi. Badala yake, Juni ile ile akaenda Brighton ya daraja la pili Uingereza, timu iliyokuwa imetoka kucheza mtoano wa kupanda daraja na mashabiki wake wakitaka kupanda mara hii. Mwezi uliofuata klabu ikamuuza mshambuliaji wake tegemeo, Leonardo Ulloa, kwa Leicester. Hyypiä akashinda mechi 3 kati ya 22 za ligi. Desemba 22 akajiuzulu.

Kisha FC Zürich, Agosti 2015. Timu ikaanguka mkiani, akatimuliwa Mei 12, 2016 msimu ukiwa ukingoni, ikashuka daraja. Siku chache baada ya kushuka, timu ile ile ikabeba Kombe la Uswisi, kwenye fainali ambayo yeye ndiye aliyeifikisha. Picha za sherehe zipo, yeye hayumo.

Sasa mlinganisheni na mwenzake wa nchi ile ile, Markku Kanerva. Naye alikuwa beki, mechi 59 timu ya taifa, lakini nje ya nchi za Kaskazini nani alimjua? Kitaaluma ni mwalimu wa shule. Alikaa na vijana wa chini ya miaka 21 kuanzia 2004, akawafikisha fainali za Ulaya za vijana 2009 kule Sweden. Akawa msaidizi wa timu ya wakubwa chini ya kocha mmoja baada ya mwingine, akishika usukani kwa muda kila wanapofukuzwa, kisha anarudi kwenye kiti chake cha pembeni. Alipokabidhiwa rasmi mwishoni mwa 2016, Ufini ilikuwa imemaliza mwaka mzima bila kushinda hata mechi moja. Miaka mitatu baadaye, Novemba 15, 2019, wakaifunga Liechtenstein 3-0 pale Helsinki na kufuzu michuano mikubwa ya wanaume kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Jari Litmanen, nyota mwingine wa kizazi cha Hyypiä, hakufika huko. Hyypiä na mechi zake 105 hakufika huko. Kizazi kile kiliponyokwa na ndoto hiyo 1997 dhidi ya Hungaria, kwa bao la dakika za nyongeza lililogongana na miili ya Wafini wenyewe hadi wavuni, na tena 2007 kwa sare ya bila kufungana na Ureno pale Porto. Aliyewavusha ni mwalimu. Na nahodha wa kikosi chake, Tim Sparv, alikuwa mmoja wa vijana wale wa 2009.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Karibuni.

*

Nimerudi, nimesoma michango yote. Najibu iliyonigusa.

Ndugu aliyesema kwamba Leverkusen Hyypiä alibebwa na Lewandowski: hoja yako ni nzito kuliko zote, na sitaikwepa. Walipokuwa wawili walikuwa wa tatu. Alipobaki peke yake akafukuzwa. Lewandowski akaitwa amalizie, timu ikamaliza ya nne. Nakubali kwamba mwenye elimu ya ukocha pale alikuwa mmoja. Lakini soma vizuri ulichokiandika, kaka. Unasema alifanya vizuri alipokuwa na mtu wa kumwongoza na akayumba alipoachwa. Hayo ni maelezo ya mtu ambaye hajaiva, si mtu asiyeweza. Mtu asiyeweza hafiki Desemba akiwa wa pili kwenye Bundesliga.

Mkuu uliyeniletea Guardiola na Zidane kama mfano wa mastaa waliopewa timu kubwa moja kwa moja: hapana. Guardiola alikaa msimu mzima na Barcelona B. Zidane alikuwa msaidizi wa Ancelotti, kisha akafundisha Castilla, timu ya pili ya Real Madrid, kabla ya kuitwa Januari 2016. Mifano yako inanisaidia mimi. Hata Paatelainen, ambaye wachache hapa mmemtaja, alianzia Cowdenbeath, daraja la chini kabisa la ligi ya Scotland wakati ule, akaipandisha. Alipofika timu ya taifa hakufuzu, lakini alitoka sare na Hispania ile ya mabingwa wa dunia, Machi 2013, ugenini.

Dada uliyesema namkweza Kanerva na kusahau mwisho wake, uko sahihi, nilipaswa kuuweka. Wales walimfunga 4-1 kule Cardiff kwenye mtoano wa Euro 2024, na mwaka huo huo akapoteza mechi zote 6 za Ligi ya Mataifa, akaondoka. Sikumleta kama malaika. Nimemleta kwa sababu kazi yake ilidumu miaka minane na ndani yake kuna Juni 12, 2021, Copenhagen, mechi ya kwanza kabisa ya Ufini kwenye fainali za Euro, dhidi ya Denmark, siku Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka uwanjani na mashabiki wa pande zote mbili wakaliita jina lake kwa zamu. Kuwaandaa tena wachezaji waliotoka kuona kitu kile, wakaingia na kushinda 1-0 kwa kichwa cha Joel Pohjanpalo, kisha bao lenyewe halishangiliwi: hapo alihitajika mtu aliyezoea kukaa na vijana waliotishika. Siamini staa wa miaka 38 asiye na leseni angeyaweza yale, na Hyypiä angekuwa wa kwanza kumpisha mwenzake.

Wale mnaosema kulinganisha klabu na timu ya taifa si haki, nusu nakubaliana nanyi. Klabuni unahukumiwa kila Jumamosi, timu ya taifa inakupa miezi ya kufikiri. Lakini basi hilo linazidisha lawama kwa viongozi wa klabu waliompeleka mtu mchanga mahali pasipo na muda.

Jambo moja sijalipata jibu lake kwa yeyote hapa. Leverkusen walikuwa na kocha wa vijana mwenye leseni na kijana mwenye jina. Kwa nini hawakuwaacha vile vile, mmoja akifundisha na mwingine akijifunza, kwa miaka mitatu? Waliona jina linatosha. Mwenye kuifuatilia klabu ile kwa karibu atuambie.

Na mdogo wangu uliyeuliza kama leo ningempa timu: ningempa. Vijana wa chini ya miaka 18, mkataba mrefu, na nisimuulize habari za msimamo wa ligi. Ningeanza na mabeki wa kati wawili tu, wakae naye kila asubuhi awaonyeshe pa kusimama kabla krosi haijapigwa.