Meza ya kioo Hanoi, pweza wa Mama Mdogo Mtwara

Kundi: WA SHANGANI NA JAMAA

Alhamisi, saa 2:12 asubuhi

Deo: Shikamooni wakubwa. Huku Hanoi saa 6 mchana imeshapita, tumewatangulia saa nne. Mama Mdogo, ule mgahawa nimeufikia. Nasubiri nafasi ya kukaa, watu ni wengi.

Mama Mdogo: Marahaba baba. Nina vitumbua motoni. Andika, Zai atanisomea.

Mjomba Hamisi: Mgahawa gani tena? Mtu kaenda kuangalia mashine za korosho, mbona tunasikia habari za kula?

Zai: Mjomba hukusoma ya juzi. Watu wa televisheni walikuja kwa Mama, pale mgahawani kwake, wanataka kumrekodi akipika pweza. Jibu wanalitaka kesho na Mama halali usingizi. Deo anapitia Hanoi, tukamwomba aingie kwenye mgahawa uliotangazwa na televisheni, aone kama bado ni mgahawa au umeshakuwa kitu kingine.

Deo: Mashine nimeshaziona kule kusini, Mjomba. Na korosho ghafi za Afrika nimezikuta zinabanguliwa huku. Hilo lina siku yake, nikirudi tutakaa.

Mjomba Hamisi: Sawa. Endelea na mgahawa.

Deo: Unaitwa Bún chả Hương Liên, uko mtaa wa Lê Văn Hưu. Mei 2016 Obama alipokuja Vietnam alikula hapa na Anthony Bourdain, yule mpishi wa Marekani aliyekuwa na kipindi CNN cha kuzunguka dunia akila vyakula vya watu. Sasa ni marehemu, alifariki 2018. Kipindi kilionyeshwa mwaka huohuo wa 2016. Kabla ya hapo ilikuwa hoteli ya watu wa mtaani tu, wanakuja mchana, wanakula, wanaondoka.

Mjomba Hamisi: Obama huyuhuyu ambaye baba yake ni wa Kogelo? 2013 alikuja Dar, ile barabara ya kando ya bahari ikapewa jina lake.

Zai: Bibi yuko hapa kwenye mkeka, anauliza walikula nini.

Deo: Shikamoo Bibi. Nasema mapema, nyama yenyewe ni ya nguruwe.

Zai: Bibi anasema marahaba. Anasema upande wa baba yako mnakula, hakulaumu. Sisi tueleze mchuzi.

Deo: Mchuzi ndio wenyewe, Bibi. Nyama inachomwa kwenye mkaa, mingine vipande, mingine imesagwa ikafinyangwa vidonge bapa. Ikitoka motoni inatumbukizwa kwenye bakuli la mchuzi mwepesi wa uvuguvugu. Ndani kuna siki, sukari, vipande vya papai bichi na karoti, na maji ya dagaa waliolazwa kwenye chumvi miezi mingi mpaka wakayeyuka. Pembeni unawekewa tambi nyeupe za mchele, za baridi, na rundo la majani mabichi. Unachovya, unakula. Kitunguu saumu na pilipili unajitilia mwenyewe. Harufu ya mkaa inakupokea nje kabla hujauona mlango, kama samaki wa Mnazi Mmoja ya Lindi unavyowasikia ukiwa bado ndani ya basi.

Mama Mdogo: Dagaa wa chumvi kwenye mchuzi. Hao wana akili. Samaki wetu wa kukausha, ng'onda, tungewafanya hivyo.

Mama Mdogo: Sasa niambie, bei?

Deo: Siku ile Obama na Bourdain walikula wote wawili kwa dola 6, bia na kila kitu. Kwa wakati ule ni kama shilingi 13,000. Bourdain ndiye aliyelipa. Sasa kuna seti yenye jina la Obama: bakuli hilo, kipande cha sambusa ndefu ya vitu vya baharini, na bia ya Hanoi. Imezidi kidogo vibanda vya jirani lakini haiumizi. Kushoto kwangu kuna mzee wa hapahapa anakula peke yake, kulia wazungu wanne wanapiga picha. Mzee hana habari nao.

Mama Mdogo: Huyo mzee ndiye ninayemtaka. Wazee kama huyo wamebaki?

Deo: Kwa leo nimewahesabu wengi kuliko wageni.

Saa 2:50

Zai: Mama ameniambia niandike kama anavyosema mwenyewe, nisipunguze.

Zai: "Deo, mimi pale napika mwaka wa 31. Makuli wa bandarini wanakula kwangu, asiye na kitu leo analipa msimu wa korosho ukifunguka, meli zikianza kuja. Daftari lao ninalo, sijawahi kumdai mtu mbele ya mwenzake. Nikionyeshwa kwenye televisheni watakuja watu na magari kutoka Dar, na nitafurahi, sitasema uongo, nataka watu wajue kwamba Mtwara kuna pweza wa nazi anayepikwa akapikika. Lakini kuli akija saa 7 akakuta kila kiti kina mgeni, atarudi kazini na njaa. Kingine, wale vijana wanataka nipike nje chini ya mwembe, kwenye chungu, nimejifunga kaniki. Mimi pweza napika kwenye sufuria. Chungu nilikiacha mama yangu alipoacha kupika. Nikipika kwenye chungu nitakuwa naigiza, na tui litanikatikia mbele ya watu."

Mjomba Hamisi: Hapo kwenye chungu nipo na wewe dada yangu. Mtu akija akaikuta sufuria atasema tumemdanganya.

Rehema (Lindi): Mimi naona akubali tu kila kitu. Bahati haigongi mlango kila siku, na chungu ni cha siku moja. Mama Mdogo amechoka kupuliza mkaa, wageni wakiongezeka atapata hela ya msaidizi.

Mama Mdogo: Rehema mwanangu, hela naihitaji, hukukosea. Lakini pweza wangu siwezi kumwonyesha watu kwa chungu nisichokijua.

Deo: Mama Mdogo, nisikilize. Ile filamu niliiangalia tena jana hotelini. Rais wa Marekani kakaa kwenye kigoda cha plastiki cha buluu, kifupi, magoti juu. Meza ya bati. Nyuma yake wateja wengine wanakula. Hawakumletea kiti kingine, na bia amekunywa kwenye chupa. Vigoda ndivyo hivihivi nilivyokalia mimi sasa. Kilichowapa jina ni ile hali yao waliyokuwa nayo. Hao vijana waambie sufuria ndiyo sufuria.

Zai: Nimemsomea mara mbili. Ameacha vitumbua kidogo.

Deo: Kuna jambo moja tu sikulipenda. Nimepanda juu kuiona meza waliyokalia. Wameifunika na sanduku la kioo. Bakuli zao, vijiti, chupa za bia, vyote viko ndani. Hakuna anayekaa.

[Picha]

Zai: Bibi ameomba nikuze picha. Ameiangalia muda mrefu.

Zai: Bibi anasema: "Meza nzima? Na watu wamesimama nje wanasubiri?"

Deo: Ndiyo, Bibi. Na mimi nilisimama.

Zai: Bibi anasema: "Babu yenu alikuwa na meza yake kwa Mama Mdogo, ile ya dirishani. Kila Ijumaa akitoka msikitini. Alipofariki, hata arobaini haijafika, nilipita nikamkuta fundi baiskeli kakaa pale anakula mbaazi. Mama Mdogo aliona haya, akataka kumwondoa. Nikamwambia mwache, mwongeze na wali. Nilikaa naye, akanisimulia Babu yenu alivyomkopesha hela ya pampu. Mimi sikuwa naijua habari hiyo. Meza ingefunikwa na kioo nani angenisimulia?"

Mjomba Hamisi: Mama, na mimi leo ndiyo naisikia.

Rehema (Lindi): Bibi 😢 Mwenyezi Mungu amrehemu Babu.

Deo: Amina.

Saa 4:35

Mama Mdogo: Vitumbua vimekwisha, sasa naandika mwenyewe. Nimeamua. Waje. Nitapika jikoni, mlango wazi, sufuria ileile. Nguo nitavaa dera langu la kijani. Meza ya dirishani wasiiguse wala wasiweke vyombo vyao juu yake, saa 7 ni ya makuli. Wakitaka kuwarekodi wawaombe wenyewe.

Mjomba Hamisi: Na siku waliyoitaja? Si wamesema Jumamosi hii?

Mama Mdogo: Jumamosi hii ni maji mafu. Pweza atatoka wapi? Wa kwenye barafu sipikii nchi nzima. Waje bamvua likiingia, maji yakikupwa vizuri, kina mama wa Msangamkuu wakishuka mwambani. Zai uwaandikie hivyo, na uwaandikie kwa adabu.

Zai: Wakisema hawawezi kusubiri?

Mama Mdogo: Basi watakula mbaazi. Hamisi, siku hiyo nataka pweza watatu, uwaponde mwenyewe, vijana wa Feri wanaponda kwa haraka. Na nazi 12, zilizokomaa. Deo, umeshakula wewe, au unaandika tu?

Deo: Tambi zimeletwa sasa hivi, Mama Mdogo.

Mama Mdogo: Basi weka simu ule.