Nilisaini nauli ya mia tatu, ripoti ikaandika nimekubali mradi

Wadau mniwie radhi uzi ni mrefu, lakini nimekaa na hii hasira tangu Jumatano na sijalala vizuri.

Mimi ni mtu wa Nyalenda, hapa Kisumu. Mama yangu anakata mafunjo Dunga, kile kinamasi cha kando ya Ziwa Victoria, tangu sijazaliwa, anasuka mikeka, mengine anauzia wale wa kutengeneza viti, na hayo mafunjo ndiyo yalinilipia karo mpaka fomu foo. Kwa hivyo nikisema kinamasi sizungumzii ndege wa kupigwa picha na watalii, nazungumzia jikoni kwetu.

Mwaka jana ikaja habari ya mtaro mkubwa wa maji ya mvua, pesa za wafadhili wa nje, utashuka kutoka mitaani upite kwenye mafunjo mpaka ziwani. Sijakataa mtaro jameni, mvua ikinyesha kwetu maji ya choo yanaingia mpaka kitandani, mtaro tunauhitaji jana. Nachokataa ni vile walisema wametuuliza.

Ujumbe wa mkutano uliingia kwa WhatsApp saa tatu usiku, mkutano ni kesho yake saa nne asubuhi, tena hotelini huko mjini. Sasa nani hajui saa nne akina mama wa mafunjo wako ndani ya maji? Wanaingia alfajiri wanatoka jua likiwa utosini. Mimi nilienda tu kwa sababu pikipiki yangu ilikuwa gereji. Tukaonyeshwa slaidi za Kiingereza, jamaa anasoma mbio mbio, mzee mmoja wa ufuoni akasimama akauliza kwa Dholuo haya maji yenu yatamwagwa upande gani, akaambiwa maswali ni mwisho, na mwisho ulipofika ilikuwa chakula. Halafu karatasi ikapitishwa, jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini, unapewa mia tatu ya nauli. Hakuna mtu alisema hiyo karatasi ni ya kitu kingine!

Jumatano rafiki yangu akanitumia ripoti iliyopelekwa kwa wafadhili. Kurasa za nyuma kuna ile karatasi yetu, niko namba 41, na juu yake imeandikwa kwamba jamii ilishauriwa na ikaunga mkono mradi. Imesema pia wakataji mafunjo waliwakilishwa. Na nani?? Nilimsomea mama akanyamaza muda mrefu akaniuliza, "Kwani ni wewe ulisema ndiyo kwa niaba yangu?" Hapo ndipo niliumia.

Na sheria iko wazi. Katiba ya 2010 kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi, cha 69 kinaiambia serikali ihimize wananchi washiriki kulinda mazingira. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zilitaka mikutano mitatu, si mmoja, na wale watakaoathirika, mabango yabandikwe karibu na eneo la mradi na tangazo lisomwe redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji. Sisi tulipata mkutano mmoja wa saa moja na nusu.

Wangetuuliza tungewaambia kitu wanachohitaji kujua. Mafunjo ndiyo chujio la hili ziwa, yanazuia tope na kunyonya mbolea na uchafu wa mitaani kabla haujafika kwa maji ya wazi, na humo ndimo samaki kama ngege wadogo na kamongo wanajificha. Ukipitisha mtaro katikati yake ule uchafu unateremka moja kwa moja, na gugu maji linanenepa kwa uchafu huohuo. Halafu itatafutwa pesa nyingine ya kuondoa gugu, na nyingi ya hizi pesa ni mkopo, mlipaji ni mimi na wewe kwa kodi zetu.

Wala hii si mara ya kwanza. Mwaka 1999 shirika la RECONCILE la kule Nakuru lilipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia kwa niaba ya watu wa kando ya ziwa, kuhusu ule mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria. Gugu lilikuwa likatwekatwe na mashine liachwe lizame chini, na walalamishi walisema athari hazikutathminiwa na wenyeji hawakushauriwa. Jopo likachunguza mwaka uliofuata. Yaani lawama ni ileile na ziwa ni lilelile, na sisi tuliokuwa watoto wakati ule ndio sasa tunapitishiwa karatasi ya nauli.

Hilo jopo liko tangu 1993 na watu wawili tu walioathirika wanaweza kulalamika, kama pesa ni ya benki hiyo. Wafadhili wengine wakubwa nao wana ofisi za malalamiko. Nimeshaandika barua ya kuomba stakabadhi zote za mradi kwa kifungu cha 35 cha Katiba, kile cha haki ya kupata habari, na mama ameweka kidole gumba. Safari hii nimemsomea kila mstari kwa Dholuo kabla hajakiweka.

Kama ulikuwa kwenye ule ukumbi na ukasaini, andika hapa chini uliambiwa unasaini nini.