Ushauri: shokapu za pikipiki, ninunue nyingine au nimpe fundi aziseti?

Kijana wa Ngaramtoni (mleta mada)
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Arusha, natumia Honda CRF250L niliyoinunua kwa mtu. Injini haina tatizo, inawaka kwa mguso mmoja. Shida ni shokapu. Nikiwa kwenye lami niko vizuri, ila nikishapita Engaruka kuelekea Ngare Sero kule Natron, ni mateso. Nikigusa breki mbele inazama yote. Nyuma ndiyo balaa, nikiingia kwenye korongo kavu inagonga chini halafu inanirusha kama gunia.

Nina njia mbili. Kuna fundi anasema nimpelekee, afungue mbele na nyuma, aweke springi na oil mpya, aziseti. Na kuna jamaa ana shokapu ya nyuma ya YSS, yale mambo ya Thailand, ina kopo lake la gesi pembeni, used lakini safi. Anasema nikifunga hiyo nitasahau mafundi. Bei zinakaribiana. Nifanye lipi? Matusi hapana.

Toyo la Sakina
Nimewahi siti ya mbele. Wataalamu tiririkeni.

Mama Wawili
Kaka yangu, barabara ya Ngare Sero unaendea nini na pikipiki? Hakuna Noah huko? Mimi mdogo wangu alivunjika mguu kwa pikipiki, na haikuwa hata porini, ilikuwa hapa hapa Kijenge, mchana kweupe. Hiyo hela weka akiba.

Spana Kumi na Nne
Mkuu, una kilo ngapi?

Kijana wa Ngaramtoni
@Mama Wawili ahsante dada, ila kazi yangu iko huko.
@Spana mkuu mimi ni mtu wa kawaida tu. Swali ni YSS au fundi.

Mzee wa Longido
Vijana mnapenda kununua. Nilikuwa nachanja ng'ombe Longido na Honda XL125 ya mradi, na shokapu za mbele zikianza kuvuja hatukukimbilia dukani. Unaona ule mstari wa tope la oil unavyoshuka kwenye bomba? Mara nyingi sili, ule mpira unaozuia oil, haijafa, ni chembe ya mchanga imekaa kwenye mdomo wake. Tulikuwa tunakata kipande cha filamu ya picha, zile negativu, tunakichonga ncha iwe kama ndoana, tunakipenyeza kati ya sili na bomba, tunakizungusha taratibu. Kinatoka na uchafu mweusi. Unafuta, unaendelea na safari.

Enzi hizo nyuma kulikuwa na shokapu mbili, moja kila upande. Hii ya moja katikati Yamaha waliipata kwa Mbelgiji mmoja, Lucien Tilkens, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akabeba nayo ubingwa wa dunia wa motokrosi daraja la 250. Watu walicheka walipoiona.

Toyo la Sakina
Shikamoo mzee. Sasa hiyo inamsaidiaje mleta mada?

Mzee wa Longido
Marahaba. Haimsaidii.

Spana Kumi na Nne
Narudia swali langu, maana bila jibu hapa tunapiga ramli. Springi ni habari ya uzito. Pikipiki inatoka kiwandani na springi ya mtu wa wastani, na CRF250L inajulikana kuwa laini hata kwa huyo wa wastani. Mbele haina hata skrubu ya kurekebisha, nyuma unapata nati ya kukaza springi, basi.

Fanya hivi kabla hujatoa hata mia. Inua pikipiki mpaka tairi ya nyuma ining'inie. Pima kwa futi kutoka ekseli kwenda juu mpaka alama uliyoweka kwenye madigadi. Ishushe, ikae yenyewe, pima tena. Halafu panda wewe na mizigo yako yote, simama kwenye vikanyagio, mwenzako apime mara ya tatu. Tairi ya nyuma ya hiyo pikipiki ina mwendo wa kupanda na kushuka wa kama milimita 240. Ukiwa juu yake inatakiwa izame karibu theluthi, yaani milimita 80 hivi.

Ikizama zaidi, kaza nati. Lakini angalia: kukaza nati hakuifanyi springi kuwa ngumu, kunainua tu pikipiki. Ukikaza mpaka ukapata hiyo 80 halafu ukishuka pikipiki haizami hata kidogo kwa uzito wake yenyewe, jua springi ni laini mno kwako. Hapo hakuna fundi wa kuseti, springi inabadilishwa.

Haya. Kilo ngapi?

Mangi wa Rau
Mtu akikwepa swali la kilo mara mbili, majibu tunayo wanajamvi 😂. Punguza loshoro na kisusio, shokapu itapona yenyewe.

Kijana wa Ngaramtoni
Sawa. Nilipima kwenye mzani wa mahindi pale Kilombero, 114. Mzani wenyewe siuamini. Na nyuma nabeba boksi la vifaa na dumu la maji. Lakini wakuu, hii YSS ni ya kisasa, ina skrubu za kurekebisha, na pikipiki hizi zimeundwa hukohuko Thailand, kwa hiyo zinaelewana. Fundi naye nani anajua kama anajua?

Mangi wa Rau
Mia na kumi na nne "wa kawaida tu". Kibosho huko ndiyo kawaida au?

Spana Kumi na Nne
Ahsante. Jumlisha boksi na maji, springi ya kiwandani inabeba watu wawili. Sasa hiyo YSS ina springi ya mtu wa kilo ngapi? Kwa kawaida namba huwa pembeni ya springi yenyewe. Skrubu zinapunguza kasi ya shokapu kushuka na kurudi, hazibebi uzito wako.

Kijana wa Ngaramtoni
Alikuwa anaitumia Mzungu mmoja mwembamba, kilo 70 hivi. Ila jamaa anasema inabeba yeyote. Picha hii hapa.

Mama Wawili
Na ada za Januari umeshalipa, kaka?

Jicho la Unga Ltd
Subirini kwanza. Hii ni chai, na mmeshaanza kuinywa. Tazameni picha. Meza ya vigae vya kijani, kimoja kimemeguka kona. Huyuhuyu aliweka uzi wa kuuza helmeti, meza ni ileile. Shokapu iko kwake! Hakuna jamaa, hakuna Mzungu, labda na pikipiki haipo. Huyu ni dalali anatengeneza soko. Mods fungeni uzi.

Toyo la Sakina
Aisee. Nimeenda kuangalia. Ni kweli, kigae kilekile.

Mzee wa Longido
Kwa hiyo nimeeleza filamu yangu bure.

Kijana wa Ngaramtoni
Jamani mimi sio dalali. Meza ni ya kwetu, sikatai. Shokapu nimeichukua niitazame tu, nimempa jamaa advansi kidogo ili asiuze kwa mwingine. Mngefanyaje nyie? Vitu kama hivi Arusha havipatikani kila siku. Na nimeshamwambia wife.

Jicho la Unga Ltd
Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri wa kitu ulichokwisha kulipia. Bado nasema chai, ila sasa ina maziwa.

Spana Kumi na Nne
Awe mkweli au muongo, hesabu haibadiliki. Kama advansi hairudi, kaa na hiyo YSS, lakini agiza springi ya uzito wako na mzigo, uifunge humo. Gesi usiiguse. Nyingi ndani zina naitrojeni kwa mgandamizo mkubwa, asije fundi wa chini ya mti akafungua au akajaza upepo wa kompresa. Wakati nyuma imeshuka, toa linki, vile vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa tairi, osha beringi, paka grisi, vumbi la kule huwa linazikausha.

Na mbele hujasema chochote. Ukiweka nyuma ngumu ukaacha mbele laini vilevile, pikipiki inainama pua, kwenye mchanga usukani utakuyumbia kuliko sasa. Mbele mpe huyo fundi: springi za uzito wako, oil mpya, kiwango kilekile pande zote mbili. Muulize kwanza anapimaje kiwango cha oil. Akisema kwa macho, ondoka.

Kijana wa Ngaramtoni
Sasa hapo mkuu unaniambia nilipe kote kuwili.

Spana Kumi na Nne
Ulishalipa kumoja kabla hujaniuliza.

Toyo la Sakina
Mleta mada, mimi nina kilo 68 na nina CRF kama hiyo. Upo Ngaramtoni sehemu gani?

Kijana wa Ngaramtoni
Sijasema nauza.

Toyo la Sakina
Na mimi sijasema nanunua. Nakuja kuitazama tu. Jumamosi upo?

Jicho la Unga Ltd
😂😂 Si niliwaambia?