MREJESHO: Shirika la mazingira kupima hewa ukaa yake lenyewe

Wakuu, salaam. Niliuliza hapa jinsi ya kutumia takwimu kupunguza uchafuzi wa shirika letu, maana tunahubiri mazingira huku magari yetu yakifuka moshi.

Kati ya mlionijibu, nilimfuata aliyesema niachane na kuhesabu karatasi za ofisini, nianze na risiti za mafuta na tiketi za ndege. Tuliziingiza zote kwenye lahajedwali. Kila lita ya dizeli tukaizidisha kwa 2.7 kupata kilo za kaboni dioksaidi, yaani hewa ukaa. Karatasi, tulizokuwa tukizigombania kila kikao, kumbe ni chembe tu! Mzigo ni ndege na jenereta. Jenereta ilinguruma hata siku za mapumziko kwa ajili ya friji moja. Sasa inazimwa, na safari za eneo moja tunaziunganisha. Bili ya dizeli imeshuka. Hata mhasibu ameacha kuninunia.

Ndege zimetushinda. Wafadhili bado wanataka tuonane ana kwa ana, na kila kikokotoo cha hewa ukaa ya ndege kina jibu lake. Tumechagua kimoja na kubaki nacho ili tulinganishe mwaka na mwaka.

Vipima umeme vya kila chumba bado, bajeti haijapita. Asanteni sana, hasa wa risiti.