Kivinjari cha simu: GPU ichore kila kitu, au ipange vigae tu?

msuka_msimbo
Habari zenu wakuu. Naendeleza kivinjari kidogo cha Android na wenzangu wawili. Mpaka sasa CPU, yaani chipu kuu ya simu, ndiyo inayochora ukurasa wote. Watumiaji wanalalamika kwamba wakisogeza kwa kidole ukurasa unakwamakwama, kwa hiyo tumeamua kuiingiza GPU (chipu ya michoro) kazini, ila tumegawanyika. Mmoja anataka CPU iendelee kuchora vigae, yaani vipande vya mraba vya ukurasa, GPU ivipange na kuvisogeza tu. Wa pili anataka GPU ichore kila kitu mpaka herufi, kwa kutumia Skia, maktaba ya kuchora. Mimi nimeipenda WebRender, mfumo wa kuchora wa Firefox. Wiki ijayo kazi inaanza. Mngekuwa nyinyi mngeshika njia ipi?

Kigae256
Mkuu, umetuletea mgonjwa bila kusema anaumwa wapi. Injini ni yenu au mmeivalisha nguo WebView, kile kivinjari kilichomo ndani ya Android? Kama ni WebView, tangu Android 4.4 ndani yake kuna Chromium na kazi hiyo imeshafanywa. Android ya chini kabisa ni ipi? Simu zina RAM kiasi gani? Na kinachokwama ni kusogeza, au ni ukurasa kuchelewa kutokea?

BintiRust
WebRender, bila kusita. Ilizaliwa kwenye Servo, injini ya majaribio ya Mozilla, Firefox ikaanza kuwapa baadhi ya watumiaji wa kompyuta mwaka 2019 katika toleo la 67, baadaye ikafika Android. Inauchukulia ukurasa kama mchezo wa video: inapokea orodha ya masanduku, herufi na vivuli, inaikabidhi GPU kila fremu. Habari ya matabaka, yaani kuugawa ukurasa katika picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, unaisahau.

mzee_wa_C
Hapo mwisho sikubaliani, dada. Hata WebRender yenyewe iliongezewa kache ya vigae, yaani inahifadhi vilivyokwisha kuchorwa. Ukichora upya ukurasa mzima kwa sababu tu kishale kinapepesa kwenye kisanduku cha kuandikia, unaimaliza betri ya mtu bure.

msuka_msimbo
Samahani kwa kuandika nusunusu. Injini ni yetu, C++. Android 6 kwenda juu. Simu nyingi ni za RAM GB 1 au 2, skrini 720 x 1280. Kinachokwama ni kusogeza, hasa kurasa ndefu za maandishi.

Nyuzi_Mbili
Njia za kuiamuru GPU ni mbili: Vulkan, mpya, na OpenGL ES, ya zamani. Android 6 maana yake Vulkan haipo, inaanzia 7.0. Mko na OpenGL ES.

Sisi tulishika njia ya pili, GPU kila kitu, na nitasimulia ili msipite tulipopita. Kwenye simu zetu za majaribio ilikuwa maji yakitiririka. Tukaitoa. Siku ya tatu malalamiko: mtu anajaza fomu, anaenda kwenye ujumbe kunakili namba ya siri, akirudi ukurasa ni mweusi tititi. Lakini ukigusa pale palipokuwa na kiungo, kinafunguka! Ukurasa ulikuwa hai, haukuonekana tu. Tulihangaika wiki mbili. Kumbe programu ikienda nyuma, mfumo unaweza kuichukua konteksti ya GL (kikao chako na GPU), na picha zote na sheda zote (programu ndogo za GPU za kupaka rangi) zilizokuwa humo zinapotea nayo. `eglSwapBuffers`, amri ya kuonyesha fremu iliyochorwa, ilikuwa ikirudisha kosa, sisi hatulisomi. Kibaya zaidi, tulikuwa tunatupa orodha ya kuchora baada ya kuitumia ili tubane RAM, hivyo hata baada ya kupata konteksti mpya hatukuwa na cha kuchora.

Tukatibu hilo, likaja la sheda. Kivuli kikitokea kwa mara ya kwanza, sheda yake inatengenezwa hapohapo na ukurasa unaganda. Tukazihifadhi zikiwa zimeshatengenezwa; simu ikapata sasisho la mfumo, draiva mpya (programu inayoiendesha GPU) ikazikataa zote. Ukihifadhi, acha njia ya kuzitengeneza upya. Na muwe na orodha ya draiva mbovu zinazorudishwa kwa CPU. Chromium wanayo, na si kwa kupenda.

Kigae256
Basi kwa simu hizo, njia ya kwanza. Piga hesabu: pikseli moja baiti 4, tabaka moja la skrini nzima ni kama MB 3.7. Tovuti ikitapakaza `will-change` (agizo la CSS linaloweza kukipa kitu tabaka lake) ukapata matabaka 20, hiyo ni MB 74, na simu ni ya GB 1. Kigae cha 256 x 256 ni KB 256 tu. Kinachokuokoa ni kuchora vigae mapema mbele ya kidole, na uzi (mkondo wa kazi ndani ya programu) wa kuvisogeza usiingoje JavaScript. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7, basi.

mzee_wa_C
Na pa kuonyeshea ukurasa tumieni SurfaceView, yenye uso wake peke yake. TextureView inakupitisha kwenye dirisha la programu kwanza, unanakili mara ya pili.

BintiRust
Mzee wangu, heshima yako, lakini amesema Android 6. Kabla ya 7.0 SurfaceView haiendi sambamba na vitu vingine ikisogezwa. Akitelezesha vichupo, ukurasa unabaki nyuma na pembeni inaonekana mistari myeusi. Nimeiona kwa macho.

mzee_wa_C
Asitelezeshe, basi. Kusoma ukurasa ndiyo kazi ya kivinjari.

mgeni_wa_Metal
Mkija iOS je? OpenGL ES Apple waliipiga muhuri wa kuachwa tangu iOS 12.

Kigae256
Huko, ukiacha maeneo machache kama Umoja wa Ulaya, unalazimika kutumia WebKit, injini ya Apple; yako haina pa kukaa. Tusihame.

msuka_msimbo
Nimewasha zile baa za GPU, zinazoonyesha muda wa kila fremu, kwenye mipangilio ya wasanidi. Zote ziko chini ya mstari wa kijani, yaani hakuna fremu iliyochelewa. Sasa kukwama kunatoka wapi?

Nyuzi_Mbili
Zile haziuoni uso mnaouchora wenyewe kwa C++. Pima kwa systrace, zana inayorekodi kila uzi unafanya nini na lini.

msuka_msimbo
Nimepima. Kila fremu tunapeleka picha nzima ya skrini, na ni kwenye uzi uleule wa JavaScript. Wa njia ya kwanza anatabasamu, wa Skia anasema hilo linatibika hata kwake.

Kigae256
Mnatumia baiti 4 au 2 kwa pikseli? RGB 565, ile ya baiti 2, inakupunguzia nusu.

BintiRust
Na rangi zinazofifia taratibu zitatoka na michirizi. Usimshauri hivyo.

Kigae256
Amesema kurasa za maandishi, dada.