Nakwenda ukweni Ufilipino, naambiwa lazima niimbe videoke

BahariSaba

Wanajamvi, salaam. Mwezi ujao nakwenda Batangas, Ufilipino, kwa wazazi wa mchumba wangu. Baba mkwe anatimiza miaka 60. Mchumba kaniambia mambo mawili. Kwanza, nikifika niwape wazee mano, yaani niuchukue mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wangu. Pili, watu wakishakula nitaletewa maiki ya videoke, yaani karaoke ya kwenye skrini. Hilo la kwanza halinisumbui. La pili linaninyima usingizi, maana sauti sina. Naweza kukataa kwa adabu? Kama haiwezekani, wimbo wa Kiingereza ninaoujua mwanzo hadi mwisho ni mmoja tu, "My Way" wa Frank Sinatra. Unafaa?

MamaLipa

Ndugu yangu, mimi nimeolewa Lipa, Batangas hiyo hiyo, mwaka wa 11 huu. Swali lako niliwahi kuuliza na mimi, nikajibiwa, "kataa tu, wataelewa." Nikakataa. Hakuna aliyeninunia, ila jioni nzima nilikaa pembeni kama mtu anayesubiri basi. Huku kukataa maiki ni kama kukataa sahani: watakubembeleza mara ya kwanza, ya pili, kisha watakuacha. Huko kuachwa ndiko kunakouma. Imba, hata ubeti mmoja.

Nikueleze inavyokwenda ili usishtuke. Mashine ya videoke hukodiwa, huletwa mapema kwa traisikeli wakati pancit ya siku ya kuzaliwa bado iko jikoni (tambi zile ndefu huliwa kwa kuombea umri mrefu, usizikatekate). Inakuja na kitabu kinene cha nyimbo. Chetu kurasa zake zimo ndani ya plastiki, pembe zimejikunja, na herufi M ina alama za vidole vya mafuta ya lumpia, zile roli za kukaanga. Kila wimbo una nambari. Ukiibonyeza, wimbo wako unaingia kwenye foleni, na foleni ile haimjui mkubwa wala mdogo: shangazi wa miaka 70, mtoto wa darasa la pili, kaka aliyerudi likizo kutoka Dubai. Nyuma ya maneno zinapita picha zisizohusiana na wimbo, theluji, maporomoko ya maji, wapenzi wawili ufukweni. Mwisho tarumbeta zinalia na alama zinatokea. Usizijali hizo alama. Wifi yangu anaimba mpaka nywele zinanisimama, mashine ikampa 78. Jirani aliyepayuka akapata 97. Wote walipigiwa makofi yale yale, na hapo ndipo nilipoanza kuwapenda watu hawa.

Wimbo wako, hapana. Kwa miaka mingi vyombo vya habari vimeripoti watu kuuawa huku kwenye baa baada ya ugomvi uliozuka wakati "My Way" inaimbwa. Mwaka 2010 hata New York Times liliandika habari hiyo, na kuna baa zilizouondoa kabisa kwenye mashine zao. Nyumbani kwa mkweo hakuna wa kukugusa, lakini mgeni kufungua jamvi kwa wimbo wenye historia hiyo si vizuri. Halafu kuna jambo kubwa zaidi: nyumba nyingi huku wimbo una mwenyewe. Muulize mchumba wako baba yake huimba nini, na huo usiuguse.

FundiWaMelini

Nathibitisha. Nimefanya kazi na mabaharia Wafilipino miaka 6, na maiki ilikuwa kitu cha kwanza kutolewa kila Jumapili. Ninachoongeza ni hiki: usiseme mezani kwamba karaoke ni ya Wajapani, ukaishia hapo. Ni kweli Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake Kobe mwaka 1971, lakini hakuichukulia hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Mfilipino Roberto del Rosario alitengeneza Sing-Along System yake mwaka 1975, akapata hataza mwaka 1983 na nyingine mwaka 1986, na Mahakama ya Juu ya Ufilipino ikasimama upande wake mwaka 1996. Bosi wangu wa injini alikuwa akiisimulia kesi hiyo kama anavyosimulia harusi yake. Muziki usio na sauti ya mwimbaji wao huuita "minus one". Neno hilo utalisikia sana.

BahariSaba

Asanteni sana, wakuu. Nimemuuliza. Wimbo wa baba mkwe ni "Anak" wa Freddie Aguilar, ule wa mwaka 1978 kuhusu mtoto aliyewapotea wazazi wake. Dada MamaLipa, nikijifunza Kitagalogi chake na kumwimbia siku hiyo, si atafurahi?

MamaLipa

Jifunze, lakini usiuimbe. Nikwambie kwa nini.

Marehemu baba mkwe wangu alikuwa na wimbo wake, nambari ameihifadhi kichwani, hakuwahi kufungua kitabu. Alifariki mwaka 2019, mwezi wa nane. Krismasi ya mwaka huo mpwa wa mume wangu, mtoto wa miaka 9, akaibonyeza ile nambari kwa mazoea tu. Muziki ukaanza. Maneno yakawa yanabadilika rangi kwenye skrini, mstari baada ya mstari, na hakuna anayeimba. Minus one kwelikweli. Maiki ipo juu ya meza, karibu na chupa ya siki. Hakuna aliyeizima pia, nadhani kila mmoja aliona kuzima ni vibaya zaidi.

Nanay, yaani mama mkwe wangu, akatoka jikoni anajipangusa mikono kwenye gauni. Akaichukua maiki, akaacha ubeti wa kwanza upite wote. Wa pili akaanza, chini sana, kwa sababu mashine ilikuwa imetegwa kwa sauti ya mumewe na yeye hakutaka ibadilishwe. Alikosa maneno mahali pawili. Tarumbeta zilipolia sikuona mtu aliyeangalia alama. Tangu siku hiyo wimbo ni wake, na sisi wengine hatuuimbi hata tukiwa peke yetu tunaosha vyombo.

Kwa hiyo baba mkweo akianza "Anak", wewe kaa karibu naye. Ukiwa umeyajua maneno, kiitikio kitakutoka chenyewe bila maiki, na atakusikia. Kwa zamu yako tafuta wimbo mfupi wa polepole. Za Regine Velasquez ziache, hizo ni za wenye birit, wale wanaopandisha sauti mpaka kwenye paa. Na jiandikishe mapema, maana mitaa mingi ina amri ya kuzima saa nne usiku na foleni huwa ndefu.

BahariSaba

Nimeanza leo. Ubeti wa kwanza wa "Anak" tayari, matamshi anayarekebisha mchumba kwa simu. Wa kwangu bado natafuta, mwenye pendekezo aniwekee hapa.