Dawa ya Centoxin: FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) ilikosea kuikatalia mwaka 1992?

Wakuu, juzi kuna mwenzetu alidai mamlaka za dawa zinaua watu kwa ucheleweshaji: mgonjwa yuko mahututi, dawa ipo, wao wanadai makaratasi. Tuipime hoja hiyo kwa kisa kimoja.

Mshtuko wa sepsisi unajulikana: maambukizi yanasambaa, presha inaporomoka, figo na mapafu vinagoma. Kampuni ya Centocor ya Pennsylvania ilitengeneza kingamwili iitwayo HA-1A, sokoni Centoxin, ya kunasa endotoksini, sumu ya kwenye ganda la kundi la bakteria waitwao Gram hasi. Mwaka 1991 matokeo yakatoka. Kwa wagonjwa 200 waliokutwa na bakteria hao kwenye damu, waliopata dawa walikufa asilimia 30, waliopata plasebo (dawa bandia ya kulinganishia) asilimia 49. Uingereza na Uholanzi ni kati ya nchi zilizoiruhusu.

Lakini jaribio lilikuwa na watu 543, na ukiwachukua wote, tofauti ya vifo haikuwa ya kutegemewa. Na wodini hali ndiyo hiyo hiyo. Daktari wa zamu ana mgonjwa presha 70 kwa 40, anatoa damu ikaoteshwe maabara, jibu litarudi kesho au keshokutwa. Dawa inatakiwa sasa hivi. Atamchoma kila mwenye dalili, awe na bakteria wale au asiwe nao. FDA ikasema rudieni jaribio. Hisa za Centocor zikaanguka vibaya.

Januari 1993 jaribio la pili lilisimamishwa, maana kwa wasio na bakteria hao, vifo upande wa dawa vilianza kuzidi. Ulaya nako dawa ikaondolewa.

Mchangiaji: Mkuu, unahukumu kwa kuwa mwisho unaujua. Angekuwa baba yangu ICU mwaka 1991, ningesaini bila kusoma. Kilichokosekana ni kipimo cha haraka tu, wachomwe wanaostahili.

Mleta mada: Hata hao "wanaostahili" hawakufaidika. Jaribio la pili lilifika watu 2,199, na wenye bakteria kwenye damu walikufa asilimia 33 kwa dawa, 32 kwa plasebo. Ile nafuu ya 1991 iliyeyuka.

Kusaini sikukatazi. Ila kusaini uingie kwenye jaribio, kila kifo kihesabiwe na kilinganishwe, ni tofauti na kuuziwa dozi moja kwa maelfu ya dola. Ulaya ilikuwa inauzwa, haina kundi la kulinganisha. Aliyepona, sifa kwa dawa. Aliyekufa, lawama kwa sepsisi. (Wauzaji wanaupenda sana uhasibu wa namna hiyo.)

Kwa hiyo anayesema FDA ilikosea anieleze: bila lile jaribio la pili, daktari wa London angejuaje kwamba dawa yake haisaidii?

Mchangiaji mwingine: Na waliochomwa kule kabla ya 1993, familia zao ziliambiwa nini?